Lakini ya Mkwe Wangu

Nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama kwa miaka saba, na miaka sita ya mwanzo nilijiona mtu wa maana sana. Mahakama yenyewe sitaitaja. Ilikuwa huku juu milimani Usambara, jengo la mawe la tangu enzi za Mjerumani, lenye baridi ya asubuhi iliyowatetemesha washtakiwa hata mgeni akadhani wote wana hatia. Majina ya watu nayo nayaacha. Walio hai wananijua, na wengine sina ruhusa yao.

Hakimu wetu alitoka upande wa ziwa. Kishambaa hakukijua hata salamu, na hakuona sababu ya kujifunza, kwa kuwa alitazamia uhamisho kila mwaka. Vitabu vyake vya sheria vilikuwa vya Kiingereza na kumbukumbu za kesi aliziandika kwa Kiingereza, kwa kalamu ya wino aliyoifuta kwa kitambaa kila alipomaliza ukurasa. Mashtaka yalisomwa kwa Kiswahili. Mshtakiwa, hasa akiwa mtu mzima asiyekwenda shule, alijibu kwa Kishambaa. Kwa hiyo neno la mtu lilitoka kinywani mwake, likapita kwangu, likaingia katika Kiswahili, halafu likapita kwa hakimu likawa Kiingereza, na hilo la mwisho ndilo lililokwenda naye gerezani au nyumbani. Mshtakiwa mwenyewe hakuweza kulisoma. Mimi nililisoma kidogo kidogo, kwa kuchungulia.

Hakimu alikuwa mtu mkavu lakini si mbaya. Kesi zilipokuwa chache, mvua ikinyesha na mashahidi wamekwama njiani, alinifundisha. Alisema shtaka lina vipande, na serikali lazima ithibitishe kila kipande. Kikikosekana kimoja, shtaka lote limeanguka. Alichukua mfano wa kujeruhi. Kwanza, mtu amejeruhiwa. Pili, ni wewe uliyemjeruhi. Tatu, ulifanya hivyo kinyume cha sheria. Watu wote hukimbilia viwili vya kwanza, alisema, wakasahau cha tatu, na utetezi mara nyingi umo humo. Mtu anayejikinga anakata kama anavyokata mhalifu, damu ni ile ile, ila hana kosa. Aliyevamiwa, aliyekuwa akimkinga mwanawe, aliyeteleza na panga mkononi, hao wote wanaweza kukubali kwamba ndiyo, nimemjeruhi, na bado wakawa hawajakubali kosa.

Halafu akanipa onyo ambalo hadi leo naweza kulirudia kwa sauti yake. "Mshtakiwa akisema 'ni kweli', mimi naandika amekiri. Lakini akisema 'ni kweli, lakini', hapo hajakiri kitu. Ukisikia lakini, nyamaza, mwache amalize, kisha uniletee yote. Usinipunguzie. Lakini moja inageuza kesi nzima."

Niliandika katika daftari langu, nikapigia mstari.

Shida ilikuwa hicho kipande cha tatu. Kiswahili kina "kinyume cha sheria", maneno matatu, yanateleza. Kishambaa nilichonyonya kwa mama yangu hakikuwa na kitu kama hicho. Ili mzee wa kutoka bonde la mbali aelewe, ilinibidi nizunguke: "wanasema ulimkata bila sababu ambayo hata wakubwa wa nchi wakiisikia wangeikubali." Mwaka wa kwanza nilizunguka hivyo kwa kila mtu. Mwendesha mashtaka, inspekta wa polisi aliyependa kuwahi chakula cha mchana, akaanza kutazama saa. Hakimu akauliza kwa nini sentensi yake moja inakuwa hotuba kwangu. Nikapunguza. Mwaka wa tatu nilikuwa nimekiacha kabisa kipande hicho. Nilimwambia mshtakiwa, "Wanasema ulimkata fulani. Ni kweli?" Kazi ikaenda mbio, nikasifiwa kwa wepesi wangu, nami nikavimba kichwa.

Sasa nieleze habari ya mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hamsalimiani kwa mkono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kando kwenye majani na kugeuka mpaka mwenzake apite. Ukiwa na neno, unamtuma mkeo. Kuna koo zinazolegeza mwiko huo baada ya miaka: mkwe wa kiume hupeleka mbuzi na nguo, wazee wakakaa, na kuanzia siku hiyo mnaweza angalau kujibizana. Mke wangu alinikumbusha habari hiyo mara nyingi. Nilikuwa nikisema mwaka huu, halafu mwaka ujao. Nilikuwa nimeoa miaka tisa, na mkwe wangu nilimjua kwa sauti yake tu, akiimba nyimbo za kanisani upande wa pili wa ukuta huku akimenya magimbi. Alikuwa mjane. Mume wake alikufa kabla ya Uhuru, na mabinti wawili aliwalea kwa jembe lake mwenyewe, kwenye mteremko ambao mimi nikiupanda nashika magoti.

Vijiji vya ujamaa vilipokuja alihamishwa kama wengine. Aliacha migomba yake na shamba lake la maharage, akapewa kiwanja katika mstari ulionyooka, karibu na shamba la kijiji. Alikwenda kazi za zamu bila kulalamika. Msimamizi wa shamba hilo alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye daftari la mahudhurio na ufunguo wa kibanda cha zana. Aliyeandikwa hakuhudhuria aliitwa mvivu mbele ya mkutano, na hakuna aliyetaka kuitwa mvivu miaka ile. Kwa hiyo watu walimchekea, hata wasiompenda.

Siku moja mchana msimamizi huyo alitoka kibandani akishika mkono wake unaochuruzika damu. Nyuma yake alitoka mkwe wangu na mundu wa kukatia majani ya ng'ombe. Alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye jiwe kando ya njia, akangoja mgambo waje wamchukue. Msimamizi alieleza kwamba alimkaripia kwa kuchelewa kazini, na mama yule akakasirika akamkata. Polisi walimwuliza mkwe wangu kama alimkata. Akasema ndiyo. Walimwuliza kwa nini. Hakujibu, na wao wakaandika kwamba hakuwa na la kujitetea.

Alikaa mahabusu siku tano. Mke wangu alimpelekea chakula na akarudi na kikapu kikiwa hakijaguswa. "Hasemi kitu," aliniambia. "Nikimwuliza anageuka ukutani."

Hapa ndipo ujuaji wangu ulipoingia. Niliamini habari ya polisi. Nilimjua mkwe wangu kuwa mwanamke mkali wa kazi, nikajisemea amechoshwa na kelele za yule bwana, hasira zikampanda. Na kwa uzoefu wangu, mtu mzima asiye na kosa la nyuma, akikiri mapema bila kumsumbua hakimu, mara nyingi aliachiwa kwa onyo au adhabu ndogo. Nilikuwa nimeona kesi nyingi hivyo. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama akubali. Asianze kubishana. Akisema ni kweli, kesi inakwisha siku hiyo hiyo na huenda akalala nyumbani."

Mke wangu aliupeleka ujumbe. Nilimwuliza amejibu nini. "Kasema kama ni wewe uliyesema, atafanya hivyo."

Hadi leo ningependa angekataa.

Nilipaswa kumweleza hakimu kwamba mshtakiwa ni mkwe wangu, anitafutie mtu mwingine wa kutafsiri. Karani mwenzangu alijua, askari wa mlangoni alijua, nusu ya watu waliokaa kwenye mabenchi walijua. Nilinyamaza, nao wakanyamaza kwa ajili yangu. Nilijua kwamba nikisema, kesi itaahirishwa wiki tatu mpaka apatikane mkalimani kutoka Korogwe, na yeye atarudi mahabusu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu nyingine ni kwamba nilidhani nikiwepo mimi nitamlainishia mambo. Nilidhani ulimi wangu una nguvu kiasi hicho.

Akaingizwa kizimbani. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi na kuinamisha kichwa. Kwa kawaida nilisimama nikimtazama mshtakiwa, kwa sababu nusu ya tafsiri iko usoni. Siku ile nilisimama upande na kutazama kalenda ukutani. Inspekta akasoma shtaka, na kipande cha tatu kilikuwemo, kimesomwa vizuri. Mimi nikaiambia kalenda kwa Kishambaa, "Wanasema ulimkata msimamizi wa shamba kwa mundu, mkononi. Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Halafu akasema, "Lakini yule..."

Nikageuka. Sikukusudia. Miaka saba ya kazi ndiyo iliyonigeuza, nilisikia lakini na shingo ikaenda yenyewe. Naye akawa ameinua uso. Tulitazamana, mimi na mama mkwe wangu, mbele ya watu, kitu ambacho hakikuwahi kutokea hata siku ya harusi. Niliona midomo yake ingali wazi. Kisha akashusha kanga mpaka machoni, akaufumba mdomo, na nikajua kwamba hata angekaa pale mpaka jioni asingeongeza neno.

"Amesemaje?" hakimu akauliza.

Ningeweza kusema, mheshimiwa, ameanza kusema lakini. Ningeweza kusema, huyu ni mkwe wangu, hawezi kunena mbele yangu. Nilikuwa nimetahayari mpaka masikio yanawaka, na nilitaka yale macho yasirudi tena kwangu. Nikasema, "Anasema ni kweli, mheshimiwa."

Kalamu ikaandika. Inspekta akaeleza habari ya tukio kama ilivyokuwa kwenye jalada: kuchelewa, kukaripiwa, hasira, mundu. Nikaifupisha. Hakimu akauliza kama maelezo hayo ni sahihi. Mkwe wangu akatikisa kichwa kukubali, akiwa bado amejifunika. Hakimu akasema amezingatia kwamba mshtakiwa amekiri na ni mtu mzima, ila kumshambulia kiongozi aliye kazini ni kuishambulia kazi ya wananchi, na kwamba siku hizi mambo hayo yamezidi. Akampa miaka miwili.

Nilimtafsiria hukumu hiyo nikiitazama kalenda.

Mke wangu alikwenda kumwona kwenye gereza la wanawake mwezi wa tatu wa kifungo chake. Alishuka Mombo kwa basi, akalala kwa ndugu yake Muheza, akafika Tanga siku ya pili, yote hayo kwa mazungumzo ya muda wa kuchemsha chai. Aliporudi hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni na viatu vyake vimejaa vumbi la tambarare. Aliniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama anavyoniita siku zote, nikaenda kukaa karibu yake.

"Mama hakumkata yule mtu kwa sababu ya kukaripiwa," alisema.

Nikamsogelea.

"Alikwenda kurudisha ule mundu. Yule akafunga mlango kwa ndani. Kanga ya mama ile ya maua, unaijua? Imechanika hapa mpaka hapa. Mgambo walipompitisha nyumbani achukue nguo, aliificha chini ya mtungi kabla polisi hawajaja kupekua. Nimepitia kwake, nimeikuta iko huko huko."

Nilitazama mikono yake. Nilitamani mtu mwingine atokee nyuma ya nyumba anipige.

"Kwa nini hakusema?" niliuliza, swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza.

"Aseme kwa nani?" mke wangu alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unamwuliza."

Nilijua jina la utetezi wake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nilijua ni wa kifungu gani. Mwanamke aliyefungiwa ndani na mwanamume mwenye nguvu kumzidi, akatumia kilichokuwa mkononi mwake, akakata mara moja, akaacha mara tu mlango ulipofunguka: hata hakimu wetu mkavu angemwachia. Inspekta mwenyewe pengine angeona haya kuendelea. Utetezi ule ulikuwa umefika mahakamani, umepanda kizimbani, umefungua kinywa. Ukanikuta mimi.

Wiki mbili sikula vizuri. Kazini nilianza tena kukitafsiri kipande cha tatu kwa kila mshtakiwa, kirefu, chote, na hakimu akauliza nimeingiwa na nini. Mwishowe nikaandika hati ya kiapo. Niliiandika kwa mkono wangu, Kiswahili safi, kwamba mimi ni mkwe wa mshtakiwa na sikusema. Kwamba maneno "kinyume cha sheria" sikumtafsiria. Kwamba alisema "ni kweli, lakini", nami nikaitupa lakini yake. Habari ya kibanda sikuigusa. Hiyo ilikuwa yake, na mke wangu alikuwa ameapa kutoifikisha popote, kwangu tu ndiko alikokivunja kiapo. Nilimtuma mke wangu gerezani na karatasi za rufaa. Mkwe wangu aliweka dole gumba bila kuuliza ni za nini, kwa sababu ujumbe ulisema zimetoka kwangu. Lile lilikuwa kosa langu lingine, na wakati huo nililiona ni wema.

Hakimu aliisoma hati yangu mara mbili, akiwa amesimama. Hakupaza sauti. "Nilikufundisha mwenyewe," alisema, kisha akafungua mlango akanionyesha nje. Niliachishwa kazi mwezi huo. Wanakijiji wengine walisema nimejiponza kwa kimbelembele, wengine wakasema ni haki yangu. Nilikubaliana na hao wa pili, nikarudi kulima viazi.

Rufaa ilikwenda Mahakama Kuu na jibu likaja baada ya mkwe wangu kukaa gerezani miezi minane. Jaji aliandika karibu kama alivyosema hakimu wetu ile siku ya mvua. Kukiri kule kulikuwa na utata. Mshtakiwa hakuelezwa kosa lote, na hakuachwa amalize. Hukumu imefutwa. Niliposoma hapo nililia, karatasi mkononi, kwenye tuta la viazi. Kisha nikasoma mstari uliofuata: kesi isikilizwe upya, mbele ya hakimu mwingine.

Sheria ilikuwa sawa kabisa, na mtu yeyote aliyekaa mahakamani angeutazamia mstari ule. Mimi sikuutazamia. Nilikuwa nimefikiria rufaa kama mlango wa kutokea, basi.

Alirudi kwa dhamana na kukaa kwetu wiki tano. Alikuwa amekonda, na nywele zilizotokeza chini ya kitambaa zilikuwa nyeupe. Nilisikia sauti yake upande wa pili wa ukuta ikiwafundisha wanangu kuhesabu kwa maharage. Hakuimba. Mke wangu alimbembeleza kila siku. Nilikuwa nikisikia nikiwa nje, nikijifanya nanoa jembe.

"Mama, safari hii useme. Mkalimani ni mtu wa Bumbuli, hatumjui, wala mume wangu hatakuwamo ndani. Sema tu mlango ulifungwa."

"Na watakaokuwa kwenye mabenchi?"

"Waache wasikie."

"Mdogo wako anachumbiwa," mkwe wangu alisema. "Watu wa upande wa pili watakuja kusikiliza. Nikisema mlango ulifungwa, wataniuliza ukafunguliwa saa ngapi. Wataniuliza nilikuwa nimevaa nini. Yule mtu atasimama na kusema nilimwita mwenyewe. Mwanangu, hayo yatakuwa yanasemwa kisimani mpaka wanao waote ndevu."

"Utarudi kule."

"Kule nimekuzoea. Wanatuamsha, tunalima, tunalala. Hakuna anayeniuliza."

Nilitaka kuingia na kumwambia kwamba hakimu anaweza kuwatoa watu nje, ushahidi wa namna hiyo ukasikilizwa kwa faragha. Nilijua kifungu chake. Lakini kuingia sikuweza, na kumwonyesha kwamba ninaijua siri yake nisingeweza kamwe. Nilimweleza mke wangu, naye akampelekea kama neno alilolisikia kwa watu. Mkwe wangu alisema hata wakiwatoa watu, mahakama ina karani, na karani ana mke. Mimi nilikuwa karani wa namna hiyo miaka saba.

Siku ya kesi nilisimama nje, ukutani, chini ya ukingo wa paa, kwa sababu uso wangu ndani ungeweza kumfunga mdomo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ngazi. Mabenchi yalijaa. Watu wa mchumba walikuwapo, wamevaa vizuri. Msimamizi wa shamba alikuja na shati la mikono mifupi, kwenye baridi ile, ili kovu lionekane. Kupitia dirishani niliisikia sauti ya mkalimani mpya. Alikuwa fundi kweli. Kipande cha tatu alikitafsiri polepole, kwa kuzunguka kama nilivyokuwa nikizunguka mwanzoni, bila sababu ambayo hata wakubwa wa nchi wangeikubali, na hakimu mpya, mtu mpole, akangoja mpaka amalize. Kisha hakimu akaongeza swali lake mwenyewe, na hilo nalo likatafsiriwa neno kwa neno: kama alikuwa na sababu yoyote ya kumkata mtu huyu, aiseme sasa, mahakama inamsikiliza, asiogope mtu.

Nilishika ukuta.

"Sina," akasema mkwe wangu. Safari hii alisema kwa sauti, mpaka mimi wa nje nikasikia.

Hakimu aliuliza tena. Namshukuru kwa hilo. Alipata jibu lile lile. Akampa mwaka mmoja na nusu kuanzia siku ile, akisema ameikumbuka ile miezi minane. Nilijumlisha nikiwa nimesimama pale pale. Ukiweka pamoja, ilikuwa zaidi ya miaka miwili ya kwanza, na tofauti hiyo nilimwongezea mimi kwa hati yangu ya kiapo.

Walimtoa kwa mlango wa upande, ambao ndio niliokuwa nimesimama karibu nao. Niliposikia komeo niligeuka haraka kutazama ukuta, kama inavyotakiwa. Hatua zikaja, zake na za askari. Zikasimama nyuma yangu. Nilingoja zipite, hazikupita.

"Mkwe," alisema.

Sikujua nifanye nini. Hakukuwa na mtu wa kutumwa. Niligeuka nusu, macho chini, nikaona miguu yake mitupu kwenye sakafu ya mawe.

"Usiniandikie tena," aliniambia kwa Kishambaa, taratibu. Hakukuwa na hasira ndani yake.

"Nimesikia, mama," nikasema.

Askari akamshika kiwiko, wakashuka ngazi kuelekea kwenye gari la Mombo.